Kura za Mashabiki katika Mieleka ya Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu maonyesho ya mieleka ya kulipwa ambamo watazamaji hupewa nafasi ya kupiga kura kuhusu mapambano. Zaidi yanahusu yale ya kampuni ya WWE ya Marekani yaliyojulikana kwa majina ya Taboo Tuesday na Cyber Sunday kati ya mwaka 2004 na 2008, pamoja na majaribio yaliyofuata nchini humo na nchini Japani. Aliyewahi kuyatazama na ambaye bado anashuku kwamba matokeo yalipikwa anaweza kuruka moja kwa moja hadi swali la saba.

1. Je, mashabiki humchagua mshindi wa pambano?

Hapana, na huku ndiko wengi wanakoanza kukosea. Mieleka ya kulipwa ni maigizo yanayochezwa kwa miili halisi: mshindi hupangwa na waandaaji kabla ya pambano, hata kama maumivu ya kuanguka juu ya mbao za ulingo hayapangwi na yeyote. Kura haijawahi kuugusa uteuzi wa mshindi. Kinachopigiwa kura ni yanayolizunguka pambano, yaani nani akutane na nani, kwa masharti gani, chini ya mwamuzi yupi na kwa kugombea mkanda upi wa ubingwa. Shabiki huchagua njia ya kuingilia, na mwandishi wa hadithi hubaki na ufunguo wa mlango wa kutokea.

2. Basi ni mambo gani hasa yaliyowahi kuwekwa mbele ya wapiga kura?

Aina iliyozoeleka zaidi ni uchaguzi wa mpinzani. Katika onyesho la kwanza kabisa, tarehe 19 Oktoba 2004, mashabiki waliambiwa wamchague atakayemkabili Triple H kwa ubingwa wa dunia, kati ya Shawn Michaels, Edge na Chris Benoit, nao wakamchagua Michaels. Aina ya pili ni uchaguzi wa masharti. Usiku huohuo Randy Orton na Ric Flair walikuwa wamekwisha kupangiwa kukutana, na kilichobaki ni kama wakutane ndani ya kizimba cha chuma, au katika pambano ambalo ushindi unaweza kupatikana popote ukumbini, au katika lile linalomalizika tu mmoja anaposalimu amri. Kizimba kilishinda.

Zaidi ya hapo ubunifu uliongezeka. Kane na Gene Snitsky walichaguliwa silaha, na mnyororo ukapendelewa kuliko kiti cha chuma na bomba. Katika pambano la Eugene na Eric Bischoff, aliyekuwa akiigiza kama meneja mkuu wa Raw, kipindi cha televisheni cha WWE cha kila juma, kilichopigiwa kura ni adhabu ya atakayeshindwa, na mashabiki wakaamua anyolewe nywele. Bischoff alishindwa, akanyolewa. Mwaka 2005 Mick Foley, ambaye katika maisha yake ya ulingoni amewahi kucheza wahusika watatu tofauti, aliwaachia mashabiki waamue aje kama nani kumkabili Carlito, wakamtaka Mankind badala ya Cactus Jack au Dude Love. Mwaka 2006 Ric Flair alichaguliwa mwenzake wa timu kutoka miongoni mwa wakongwe watatu, akapewa Roddy Piper, na wawili hao wakatwaa ubingwa wa timu kutoka kwa kundi la Spirit Squad.

Karata ya kura, yaani orodha ya machaguo, iliyonivutia kuliko zote ni ya mwaka huo wa 2006. Mabingwa watatu, yaani John Cena, King Booker na Big Show, walikutana katika pambano moja kila mmoja akiwa na mkanda wake, na mashabiki wakaulizwa ni mkanda upi uwekwe rehani. Waliuchagua wa King Booker. Yeye alikuwa mhusika mbaya, hivyo wengi walitaka kumwona akiupoteza, na kwa kufanya hivyo walimlinda Cena, ambaye sasa angeweza kushindwa bila kuvuliwa ubingwa. Booker alishinda, mkanda ukabaki kwake. Umati ulikuwa umefikiri kama mchezaji wa bao, ukala kete na bado ukafungwa.

3. Kwa nini maonyesho haya yalianza siku ya Jumanne?

Kwa sababu ya jina, kwani Tuesday ni Jumanne kwa Kiingereza, na kwa sababu ya kutaka kujitofautisha. Maonyesho makubwa ya kulipia katika televisheni yalikuwa yakifanyika Jumapili, na mara ya mwisho WWE, wakati huo ikiitwa WWF, kufanya onyesho la aina hiyo lililopangiwa Jumanne tangu mwanzo ilikuwa Desemba 1991 huko San Antonio, Hulk Hogan alipopambana na The Undertaker. Onyesho la mwaka 2004 lilifanyika Milwaukee na lilikuwa la wanamieleka wa Raw. La mwaka 2005 lilifanyika San Diego tarehe 1 Novemba.

4. Mbona baadaye likaitwa Cyber Sunday?

Jumanne ilikuwa na usumbufu wake. Katika miaka hiyo ndiyo siku ambayo SmackDown, kipindi kingine cha WWE cha kila juma, kilirekodiwa, na mtazamaji aliyezoea kulipia burudani yake Jumapili alilazimika kuubadili mpangilio wa juma zima. Mwaka 2006 onyesho lilihamia Jumapili, likafanyika Cincinnati, kisha Washington mwaka 2007 na Phoenix mwaka 2008. Neno la kwanza katika jina jipya lilielekeza kwenye mtandao, mahali ambapo kura zilipigwa.

5. Kura zilipigwaje?

Kupitia tovuti ya kampuni. Upigaji kura ulifunguliwa kabla ya onyesho na kuendelea wakati onyesho likiwa hewani, na matokeo ya kila pambano yakatangazwa muda mfupi kabla ya pambano lenyewe, yakionyeshwa kwa asilimia kwenye skrini ya ukumbini. Mwaka 2008 kura kwa ujumbe mfupi wa simu iliongezwa. Mpangilio huo ulikuwa na athari moja ambayo waandaaji waliitaka: aliyekwisha kupiga kura alikuwa na sababu ya kulipia onyesho ili aone kama kura yake imeshinda.

6. Walioshindwa katika kura hufanywa nini? Je, hurudi nyumbani?

La, na hapa ndipo ustadi wa waandishi ulipoonekana. Kura yenye majina matatu humwacha mmoja akiwa na furaha na wawili wakiwa na kinyongo, na kinyongo ndiyo malighafi ya mieleka. Mwaka 2004 ilitangazwa mapema kwamba wawili watakaokosa nafasi ya kumkabili Triple H wataungana usiku huohuo kugombea ubingwa wa timu dhidi ya timu ya La Résistance. Edge na Benoit wakajikuta upande mmoja. Edge, akiwa amekasirika kwa kukataliwa na mashabiki, alimwacha mwenzake ulingoni akaondoka. Benoit alishinda peke yake, na wote wawili wakawa mabingwa. Baadaye, katika pambano la ubingwa wa dunia, Edge alirudi na kumvamia Michaels, na Triple H akabaki na mkanda wake.

Ukilitazama tukio hilo kwa makini utaona kwamba kura ilifanya kazi ambayo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa ya matangazo. Edge hakuhitaji kuzua sababu ya kuwachukia mashabiki, kwa kuwa walikuwa wamempa sababu hiyo wenyewe, kwa takwimu, mbele ya macho yake. Mhusika mbaya anayelalamika kwamba ameonewa huwa anaudhi tu. Anayelalamika huku ana ushahidi huanza kueleweka, na anayeeleweka huudhi zaidi.

Mwaka 2005 mbinu hiyo ilirudiwa. Michaels alichaguliwa tena, mara hii aungane na John Cena na Kurt Angle katika pambano la watatu la ubingwa, na waliokosa, Kane na Big Show, wakapewa nafasi ya ubingwa wa timu dhidi ya Lance Cade na Trevor Murdoch. Walishinda.

7. Je, kura zilihesabiwa kweli, au matokeo yalipangwa kama washindi walivyopangwa?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na linastahili jibu refu kidogo.

La kwanza la kukubali ni kwamba kampuni ilikuwa mwandaaji wa uchaguzi, mhesabuji wa kura na mtangazaji wa matokeo kwa wakati mmoja. Mtu anayetaka uhakika wa kimahakama hataupata katika mpangilio wa namna hiyo, na hakuna haja ya kujidanganya.

La pili ni kwamba, kwa sehemu kubwa, hapakuwa na haja ya kuiba. Anayeandika karata ya kura ana nguvu kuliko anayeipiga. Mwaka 2005 mashabiki walitakiwa kuchagua jinsi mtangazaji Jonathan Coachman atakavyopambana na mpinzani wake, na machaguo yalikuwa matatu: mashindano ya kusukumana mikono, mjadala wa maneno, au pambano la mtaani lisilo na kanuni. Nani alipie onyesho la mieleka kisha apigie kura mjadala? Karata ya namna hiyo ina jibu moja na mapambo mawili, na mwandishi anaweza kuipeleka kwa wapiga kura kisha akalala usingizi mzito. Vivyo hivyo, ukimweka kipenzi cha umati pamoja na wahusika wawili ambao hadithi yao bado haijaiva, unajua nani atarudi na asilimia kubwa.

La tatu linaelekea upande wa pili. Michaels alipochaguliwa mwaka 2004 aliingia ulingoni akiwa na jeraha halisi la goti. Mwandaaji anayejipangia matokeo kwa siri, akiwa na wanamieleka wawili wengine wazima kabisa wa kumkabili bingwa, angekuwa na kila sababu ya kumpumzisha majeruhi. Hilo halithibitishi kila kura ya kila mwaka, lakini kwangu mimi lina uzito kuliko kiapo chochote cha mtangazaji.

Maoni yangu, basi, ni kwamba hesabu ilikuwa ya kweli mara nyingi, na kwamba ukweli wa hesabu si jambo kubwa kama watu wanavyodhani. Mwenye kutilia shaka masanduku ya kura aelekeze jicho lake nyuma kidogo, kwenye chumba ambamo machaguo matatu yaliandikwa.

8. Wanamieleka hujiandaaje ikiwa hawajui watapigana na nani?

Kwa njia ileile wanayoitumia kila siku wanapopangiwa jambo dakika za mwisho, ila kwa wingi zaidi. Pambano la mieleka halikaririwi lote kama wimbo. Wapinzani hukubaliana kuhusu mwanzo, matukio machache makubwa na mwisho. Sehemu za katikati hujazwa ulingoni kwa kunong'onezana, huku mwamuzi akipeleka ujumbe kati yao na kuwakumbusha muda uliobaki. Mwenye uzoefu anaweza kuendesha nusu saa kwa namna hiyo na mtazamaji asigundue. Ndiyo maana wakongwe kama Flair na Michaels walipatikana mara kwa mara katika maonyesho haya, kwa kuwa mtu anayeweza kupigana vizuri na yeyote ni hazina pale jina la mpinzani linapotoka kwa asilimia.

Mzigo mwingine ni wa vifaa. Kizimba kinapaswa kuning'inia tayari juu ya ulingo hata kama hakitashushwa, na silaha zote tatu ziwe zimewekwa mahali pake ingawa mbili hazitaguswa. Waongozaji wa kamera wanahitaji kujua watasimama wapi katika kila hali, kwa sababu pambano la ndani ya kizimba halipigwi picha kama lile linalozunguka ukumbi mzima. Watengenezaji wa onyesho la kawaida huandaa mapambano saba au manane. Wa onyesho la kura huandaa zaidi ya mara mbili ya hayo, wakijua kwamba mengi yatatupwa. Waandishi nao huandika njia mbili au tatu za hadithi hadi zikutane mahali pamoja mwisho wa usiku, jambo ambalo kila mtunzi wa tamthilia atakuambia ni gumu kuliko kuandika njia moja nzuri.

9. Je, kura imewahi kumjenga mwanamieleka?

Ndiyo, na mfano bora ni Shelton Benjamin. Mwaka 2004 Chris Jericho alikuwa bingwa wa Intercontinental, taji lililo chini ya lile la dunia, na mpinzani wake alitakiwa kuchaguliwa kutoka orodha ndefu ya majina, tofauti na yale matatu ya kawaida. Orodha ndefu ni hatari kwa mwandaaji, kwa sababu kura hutawanyika na jina lolote linaweza kuchomoza. Benjamin alikuwa na kipaji cha mwili ambacho wachache walikuwa nacho, na mapema mwaka huo alikuwa amemshinda Triple H katika kipindi cha Raw, lakini hakuwa bado na mkanda wa kumtambulisha peke yake. Alichaguliwa, akamshinda Jericho, akaushikilia ubingwa huo hadi Juni 2005 alipoupoteza kwa Carlito. Hata kama ushindi wenyewe ulikuwa wa kupangwa, kupita katika orodha ile kulimpa kitu ambacho waandishi hawawezi kukitoa, nacho ni ushahidi kwamba watazamaji walimtaka.

10. Kuna waliochaguliwa mara nyingi kuliko wengine?

Shawn Michaels alichaguliwa kuwania ubingwa mkuu mwaka 2004, 2005 na 2007, na mara zote tatu hakuondoka na mkanda. Mwaka 2007 alimshinda Randy Orton, lakini kwa Orton kuondolewa kwa kukiuka kanuni, na kwa desturi ya WWE ubingwa haubadiliki mikono kwa ushindi wa namna hiyo. Steve Austin naye alichaguliwa kuwa mwamuzi maalumu mwaka 2007, Batista alipokutana na The Undertaker, na tena mwaka 2008, Batista alipokutana na Jericho. Alikuwa amekwisha kustaafu kupigana, na bila shaka mashabiki walitumia kila karata ya kura kumrudisha hata kwa kuvaa shati la refa.

11. Kwa nini kura nyingi za mapambano ya wanawake zilihusu mavazi?

Kwa sababu ndivyo kampuni ilivyowaona wanawake katika kipindi hicho, na karata ya kura ilifichua mtazamo huo waziwazi. Mwaka 2004 Trish Stratus, mmoja wa wanamieleka bora wa kizazi chake, aliutetea ubingwa wake katika pambano ambalo kilichopigiwa kura kilikuwa ni sare gani ya maigizo washiriki wavae. Wanaume usiku huohuo walipigiwa kura za kizimba na minyororo. Mwaka 2005 hali haikuwa bora. Mwaka 2006, Lita na Mickie James walipogombea ubingwa ulioachwa wazi na Stratus aliyestaafu, hatimaye kilichopigiwa kura ni masharti ya pambano lenyewe, yakashinda yale ya wanawake wenzao kuuzingira ulingo na kumrudisha ndani kila anayetoka.

Mtetezi atasema kwamba mashabiki ndio walioamua. Jibu ni lilelile la swali la saba: hakuna aliyeweza kupigia kura jambo ambalo halikuandikwa. Februari 2015, baada ya pambano la wanawake katika Raw kumalizika kwa takriban nusu dakika, mashabiki waliandika kwa wingi katika Twitter wakidai wanawake wapewe nafasi. Hiyo haikuwa kura iliyoitishwa na mtu, na ilibadilisha mambo mengi kuliko kura zote za mavazi zilizotangulia.

12. Kwa nini Cyber Sunday ilikoma?

Baada ya mwaka 2008 nafasi yake katika kalenda ya Oktoba ilichukuliwa na onyesho la Bragging Rights, lililokuwa na wazo tofauti kabisa la kuishindanisha Raw na SmackDown. Sababu za kibiashara ni za kampuni yenyewe. Kwa upande wa hadithi, hata hivyo, mtazamaji makini angeweza kuona ugumu uliokuwepo: onyesho la kura haliwezi kutangazwa vizuri kwa sababu pambano kuu halijulikani hadi siku yenyewe, na onyesho la kulipia huuzwa kwa pambano kuu.

13. Kura ziliishia hapo?

Hapana. Zilihamia kwenye televisheni ya kila juma. Tarehe 7 Juni 2010 kipindi kizima cha Raw kilichofanyika Miami kilipewa jina la chaguo la watazamaji, na pambano la mwisho, John Cena dhidi ya CM Punk, lilitokana na kura. Pambano hilo halikumalizika. Kundi la wanamieleka wapya lililokuja kuitwa The Nexus, likiongozwa na Wade Barrett, lilivamia ulingo, likawapiga waliokuwemo, likabomoa hata ulingo wenyewe. Usiku ambao kila kitu kilitakiwa kuamuliwa na mashabiki unakumbukwa kwa jambo moja ambalo hakuna aliyeulizwa. Sidhani ilikuwa bahati tu. Mtu aliyeambiwa kwamba yeye ndiye mwenye usukani hushtuka zaidi gari linapoacha njia.

Tangu Julai 2012, Raw ilipoongezwa urefu kutoka saa mbili hadi tatu, kura ziliitishwa karibu kila juma, kwanza kwa mitandao ya kijamii na kisha kupitia programu ya simu ya kampuni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kura iliyokuwa tukio la mwaka ikawa ya kuamua mambo madogo kati ya tangazo na tangazo, na machaguo yakawa mepesi kiasi kwamba mtu alisahau alichokipigia kura kabla pambano halijaisha. Desturi hiyo ilififia bila tangazo lolote la kuiaga.

14. Je, kuna nchi nyingine iliyofanya jambo hili vizuri zaidi?

Japani, kwa maoni yangu, na kwa njia ambayo mwanzoni ilionekana kama aibu. Kampuni ya New Japan Pro-Wrestling hufanya onyesho lake kuu Tokyo Dome kila tarehe 4 Januari. Kwa onyesho la mwaka 2014 kulikuwa na mapambano mawili ya ubingwa: Kazuchika Okada akitetea ubingwa wa uzito wa juu dhidi ya Tetsuya Naito, aliyekuwa ameshinda mashindano ya G1 Climax mwaka 2013, na Shinsuke Nakamura akitetea ubingwa wa Intercontinental dhidi ya Hiroshi Tanahashi. Kwa kawaida ubingwa wa uzito wa juu ndio hufunga usiku. Mashabiki waliulizwa pambano lipi liwe la mwisho, wakalichagua la Nakamura na Tanahashi. Naito, aliyekuwa akijengwa kama shujaa mpya, aliambiwa kwa kura kwamba watu hawakumhitaji kileleni.

Kampuni nyingine ingelizika jambo hilo. Hapa lilikuja kuwa kiini cha mhusika. Mwaka 2015 Naito aligeuka mtu asiyejali umati wala viongozi, akaunda kundi la Los Ingobernables de Japón, na dharau yake kwa mikanda na kwa maoni ya watu ikamfanya apendwe kuliko alivyowahi kupendwa alipokuwa akijipendekeza. Kuelekea Januari 2020 alitoa wazo la kuunganisha mataji hayo mawili katika pambano moja. Mashabiki waliulizwa tena kwa kura, na safari hii waliliunga mkono. Tarehe 5 Januari 2020 Naito alimshinda Okada, mtu yuleyule wa mwaka 2014, katika pambano la mwisho la usiku, akatwaa mikanda yote miwili. Kura moja ilimwangusha na nyingine ikamfungulia njia miaka sita baadaye. Mwandishi aliyeketi mezani mwaka 2014 asingeweza kuipanga hadithi hiyo hata kama angetaka.

Mwaka huohuo wa 2020 Okada alianzisha taji la KOPW, ambalo kwa kawaida mapambano yake yalipendekezewa masharti mawili, moja kutoka kwa kila mpinzani, na mashabiki wakachagua moja kupitia Twitter. Toru Yano, mcheshi na mjanja wa ulingo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitwaa, Agosti 2020. Tofauti na karata za WWE, hapa machaguo yaliandikwa na wahusika wenyewe, kila mmoja akivutia upande wake, kwa hiyo hata kura yenyewe ilikuwa sehemu ya pambano.

15. Kelele za ukumbini si kura tosha?

Ni kura ya zamani zaidi, na ngumu zaidi kuipuuza. Tarehe 26 Januari 2014 huko Pittsburgh, Batista alishinda pambano la Royal Rumble huku umati ukizomea kwa sababu Daniel Bryan hakuwa hata miongoni mwa washiriki. Hakuna karata iliyochapishwa, hakuna asilimia iliyotangazwa. Aprili mwaka huohuo, katika WrestleMania ya 30, onyesho kuu la mwaka la WWE, huko New Orleans, Bryan aliwashinda Orton na Batista na kuwa bingwa. Huyu ni Bryan yuleyule aliyekuwa ndani ya The Nexus ile iliyovamia usiku wa kura mwaka 2010.

Tofauti ni kwamba kelele hujibu swali ambalo halikuulizwa, wakati kura hujibu lile tu lililoulizwa. Mwandaaji mwenye hekima huhitaji vyote viwili: kelele zimweleze ni nini cha kuandika kwenye karata, na karata imwonyeshe kama amesikia vizuri.

16. Anayetaka kuanza kutazama aanze na lipi?

Aanze na onyesho la Milwaukee la mwaka 2004, na asiruke pambano la kwanza la Jericho na Benjamin. Mapambano mengine ya usiku ule ni bora kiufundi, hasa lile la Orton na Flair ndani ya kizimba. Lakini katika lile la kwanza kuna muda mfupi, kabla ya jina la mpinzani kutajwa, ambapo bingwa, mtangazaji na ukumbi mzima wanangoja kitu kimoja, na wimbo utakaopigwa kumleta mpinzani haujajulikana bado.